Naomba ushauri: tuiteje ligecha kwa Kiswahili?

Ndugu zangu, naandaa maelezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wa uuguzi wa chumba cha upasuaji, na nimekwama kwenye neno ligecha. Asili yake ni Kilatini, ligare, yaani kufunga, shina lilelile lililozaa ligamenti, yaani tishu inayounganisha mifupa. Nalo hutaja uzi wenyewe na pia kitendo cha kuuzungusha kwenye mshipa wa damu na kukaza fundo ili damu isivuje. Celsus, mwandishi wa tiba wa Roma, alikwisha kuueleza utaratibu huo katika karne ya 1, mshipa ukifungwa sehemu mbili na kukatwa katikati, na mwaka 1552 Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, aliutumia alipomkata majeruhi mguu, badala ya kuchoma jeraha kwa chuma cha moto.

Shida ni kwamba “kufunga mshipa” kwaweza kueleweka kuwa kuuziba kwa njia yoyote, hata kwa kuuchoma kwa umeme, ilhali muuguzi anayekabidhi vifaa lazima ajue papo hapo anachoombwa. Je, niandike “kufunga kwa uzi” kwa kitendo na kubakiza “ligecha” kwa uzi peke yake, au ipo istilahi mnayoitumia kazini? Nitashukuru hasa kuwasikia wauguzi na madaktari wa upasuaji.