Tupeane uzoefu: Jozani uliyoiona wewe mwenyewe

MtuWaMjini
Assalaam alaykum jamani. Jozani ndiyo hifadhi ya taifa pekee tuliyonayo Zanzibar. Ilipata hadhi hiyo mwaka 2004, na jina lake kamili ni Jozani na Ghuba ya Chwaka, maana mikoko na maji ya Chwaka nayo imo. Mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi hai, yaani eneo ambalo uhifadhi na maisha ya watu vinakwenda pamoja. Ni kilomita 35 hivi kutoka mjini, daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mlangoni, na wengi wetu tunapita nazo bila kushuka. Simulizi za wageni zimejaa mtandaoni. Mimi nataka zetu.

Naanza. Niliwapeleka wanangu likizo ya skuli. Kima punju tuliwakuta karibu na barabara, kundi zima, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kichwani. Mtembezaji akawaonesha watoto kuwa kima huyu hana kidole gumba cha kushikia, na hata hivyo anaruka tawi kwa tawi. Asili yake ni hapa Unguja tu, duniani kote hakuna kwengine. Hesabu iliyotolewa 2017 iliwapata zaidi ya 5,800. Binti yangu akauliza mbona vitabu vyake vimejaa simba na tembo, kima wetu hayumo. Swali hilo bado linanikera, kwa kweli.

BintiPete
Waalaykum salaam. Mie mzaliwa wa Pete, kwa hiyo Jozani kwetu si matembezi, ni jirani. Marehemu babu alikuwa na minazi kando ya msitu, na kima walikuwa wakila vidaka, zile nazi changa. Aliwafukuza kwa mawe na kugonga makopo kutwa. Baadaye watafiti wakachapisha, mwaka 1999, kwamba pale kima wanapokula vidaka kwa wingi mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalikuwa mazuri zaidi. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi hata usipoguswa. Babu hakulikubali hilo mpaka anaondoka, na simlaumu. Nazi zile ndizo zilizotulea, na anayeona vidaka chini kila asubuhi humwambii kitu. Ndiyo maana nasema sehemu ya kiingilio inayorudi vijijini si hisani. Ni haki ya watu waliovumilia.

Jambo jengine: kima hawa wanakula mkaa! Wanashuka palipochomwa mkaa, wanaokota vipande na kutafuna. Majani ya mti wa mkungu na ya mwembe yana kemikali zinazowadhuru, na mkaa huzinasa tumboni.

Mkija, msiishie msituni. Vukeni barabara mje kwenye njia ya mbao ya mikoko. Maji yakipwa mtaona mizizi yote na kaa wakikimbia. Yakijaa mtaona samaki wadogo chini ya miguu yenu. Mimi napenda yakijaa.

DerevaWaKusini
Kwa sisi wa barabarani, Jozani ni matuta. Abiria wapya hulalamika, mbona unapunguza mwendo porini? Zamani gari zilipita hapo kwa kasi na kima waligongwa mara kwa mara. Yalipowekwa matuta vifo vilipungua sana, lakini havijaisha. Madereva wenzangu, kima mmoja akivuka subirini kidogo, wenzake wako nyuma.

MpembaWaKonde
Msitusahau wa Pemba. Ngezi yetu si hifadhi ya taifa, ni msitu wa akiba, lakini ukiingia humo hata jua la mchana hulioni vizuri. Kima punju waliletwa huku kutoka Unguja miaka ya 1970. Wetu wa asili ni popo wa Pemba, mkubwa, uso kama wa mbweha, anayekula matunda. Wazee waliwawinda sana kwa kitoweo. Sasa vijiji vinawalinda. Ukitoka msituni, endelea mpaka ufuo wa Vumawimbi, kisha mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Siku moja inatosha ukitoka mapema.

MtuWaMjini
Ahsanteni sana. Kwa wanaopanga kwenda Jozani: maji ya ardhini yako juu sana pale, masika msitu hufurika, kwa hiyo vaeni viatu vya kufunika mguu. Kima msiwalishe wala kuwagusa, wanaambukizwa maradhi yetu. Wa Charawe, Ukongoroni na Cheju, nanyi semeni, nyie mnaukaribia upande ambao sisi hatuujui.