Ukisharudi kutoka safari ya peke yako nje ya nchi, siku za kawaida unazibebaje?

Mwendapole:

Wakuu, habari za muda huu. Kuna jambo limenikaa moyoni, nikaona niwaulize nyie mliowahi kwenda nchi za watu peke yenu. Sisemi safari za kazi wala masomo, nasema kutembea tu.

Mimi ni mwanamke, ni mwajiriwa, na likizo zangu nazikusanya pamoja na akiba ili nisafiri peke yangu. Nikirudi, watu huniuliza nimeona nini, nami nawaonyesha picha za minara na makumbusho kwa sababu ndizo wanazozitarajia. Ila kinachonijia usiku nikiwa nimelala ni vitu vingine kabisa. Nakumbuka Istanbul, kivuko cha jioni kinachotoka Eminönü kwenda Kadıköy, upande wa Asia. Kwa wenyeji huo ni usafiri wa kurudi nyumbani, kama dakika 20 tu. Wamechoka, mmoja anasinzia, mwingine anasoma, na mimi nimesimama nje kwenye upepo nahisi nimepewa zawadi. Nilivuka, nikarudi, nikavuka tena, na kule ng'ambo sikuwa na shughuli yoyote.

Nakumbuka pia asubuhi moja Lisbon niliyoimaliza yote kwenye chumba cha mashine za kufulia za kulipia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nasubiri zamu yangu, mama mmoja mtu mzima akanyoosha upande wa shuka lake kunielekea, nimsaidie kulikunja. Hatukuwa na lugha hata moja ya kusemezana. Tulikunja mashuka yake yote, pembe kwa pembe, tukisogeleana na kurudi nyuma, na kila tukikutana katikati alitabasamu. Ule mji nimetembea majumba yake ya kifalme, lakini ukiniuliza Lisbon ni nini, nitakwambia ni yule mama.

Sasa huku kwangu nguo za kufua ninazo. Usafiri wa jioni uliojaa watu waliochoka ninao kila siku ya kazi. Majirani wenye mashuka ninao pia, na sioni kitu. Nafika mlangoni sikumbuki hata njia niliyopita.

Swali langu ndilo hilo. Ni ugeni wa mahali unaotufungua macho, au ni ule upweke wenyewe? Nauliza kwa sababu nimewahi kusafiri na marafiki pia. Tulifurahi mno, ila kutoka safari ile nakumbuka tuliyozungumza kuliko mahali tulipokuwa. Na mnafanyaje ili yale macho yabaki nanyi mkisharudi? Msiniambie nipange safari nyingine, hilo nitafanya. Nataka kujua kuhusu Jumanne ya kawaida.

La pili ni dogo. Mchana kutwa nikiwa peke yangu ugenini niko sawa. Jua likianza kuzama, taa zikawaka kwenye madirisha ya watu, kuna kitu kinanikaba kooni. Nyie mnapitaje hapo?

Mzigomdogo:

Dada, nianze na la pili maana lina dawa. Machweo usiyapokee ukiwa chumbani. Chumba cha wageni saa hiyo kina kitanda, ukuta na simu, na vyote vitatu vinakukumbusha kwamba huna mtu. Mimi huamua tangu asubuhi jua litanizamia wapi: stesheni kubwa ya treni, maktaba ya umma inayochelewa kufunga, bustani ambayo watoto hawajaitwa kurudi kwao. Mahali ambapo mtu mmoja hamshangazi mtu. Chakula cha jioni nakula mapema, saa 11 hivi, kabla meza hazijajaa familia. Giza likishaingia kabisa, lile la kooni huwa limeshashuka.

Hilo la kwanza naliona tofauti na wewe. Kinachokufungua macho kule ni kwamba hakuna anayekuhitaji. Hakuna mkuu wa kazi anayesubiri ripoti, hakuna mgonjwa wa kupeleka hospitali, hakuna anayekuuliza umeme umelipiwa. Akili iliyotuliwa mzigo ndiyo inayoona mashuka. Kwa yule mama, ile ilikuwa siku ya kufua tu, na alikushika wewe kwa sababu ulikuwa karibu. Kwa hiyo usijilaumu ukipita mtaani kwako bila kuona. Umebeba watu kichwani.

Ila kwa sababu hakuna anayekuhitaji, hakuna pia wa kukukumbusha, na hapo wasafiri wa peke yao huumia. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 zaidi, na mwenye kuliangalia hilo ni wewe. Ukienda tena Ulaya, kumbuka eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, unaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na nchi zote 29 zinahesabiwa kwa pamoja. Kutoka Ureno kuingia Hispania hakuanzishi hesabu mpya. Mtu mmoja nyumbani awe na nakala ya pasipoti yako na ajue unalala wapi kila usiku. Na jambo ambalo wengi hawalijui: chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, ukishikiliwa ugenini una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Liombe kwa sauti. Hutakuwa na mwenzio wa kuliomba kwa niaba yako.

Kumekucha:

Mdogo wangu Mwendapole, hayo machweo yako yana historia ndefu. Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa zamani, aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, bila mwenza. Njiani alijiunga na msafara. Walipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki, wakasalimiana na wenzake huyu na yule, naye hakuna aliyemsalimia kwa kuwa hakuna aliyemjua. Akalia. Haji mmoja akamwona, akamsogelea, akamsalimia, akaendelea kuongea naye hadi wakaingia mjini. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye alifika Kilwa mwaka 1331, akafika India, akafika Uchina. Miaka mingi baadaye, alipohadithia maisha yake, kile kilio cha Tunis hakukiacha nje.

Mimi humfikiria yule haji. Katikati ya kelele zote za mapokezi, aliona uso wa mtu asiye na wa kumpokea. Naamini na yeye aliwahi kufika mahali akakosa salamu.

Niliwahi kushikwa na homa katika mji ambao nilikuwa nimeingia usiku, hata jina la mtaa silijui. Nilikuwa hosteli, chumba cha vitanda vya juu na chini. Kijana wa kitanda cha juu yangu, tuliyekuwa tumeitikiana salamu tu, alishuka akaenda kutafuta duka la dawa, akarudi na kipimajoto na maji, akatega simu yake iite usiku ili ashuke kunipima. Alishuka kila ilipoita. Kulipokucha alikuwa na basi la kuwahi. Alinifunika miguu, akaenda. Sikuwahi kumwona tena, na kwa muda mrefu nilisumbuka nitamlipaje.

Basi, nikirudi kwenye swali lako, kwangu kilichobaki baada ya safari ni hiki. Katika jengo ninaloishi sasa najua ni milango ipi ina mtu mmoja. Kabla ya kusafiri nilikuwa sijui, na nilikuwa nimeishi pale miaka. Kuna mzee ghorofa ya chini, nikitoka nagonga kumuuliza kama ana la kuagiza. Mara nyingi hana. Tunaongea dakika mbili tatu, mimi nikiwa bado nimesimama mlangoni. Kivuko cha jioni sijawahi kukiona kwa macho yako, ila Jumanne zangu zina mtu ndani yake.

Mwendapole:

Kumekucha, nimeisoma habari ya yule kijana wa kipimajoto mara kadhaa. Asante sana kwa kuiandika.

Mzigomdogo, umenigusa panapouma, lakini sijakubali yote. Nimewahi kukaa likizo nyumbani, simu nimezima, hakuna aliyenihitaji kwa lolote. Sikuona kitu, nililala tu na kuangalia runinga. Kwa hiyo kutuliwa mzigo peke yake hakutoshi. Nafikiri kule kila jambo dogo lazima niliamue mwenyewe: mlango upi wa kutokea, magari yanatokea upande gani, huyu anayeniita ni mwema au nitembee haraka. Hilo la mwisho wanawake wenzangu mtanielewa, linachosha, na sitaki kulipamba. Lakini ndilo linalonifanya niwe nipo mahali nilipo. Huku nyumbani miguu inajua njia, na mimi nabaki nimeachwa nyuma.

Alfajirimpya:

Hapo kwenye miguu ndipo na mimi nilipopata jibu, kwa njia ya usingizi.

Saa ya mwili haihami haraka. Kwa wastani husogea kama saa moja kwa siku, kwa hiyo ukivuka kanda nyingi za saa unaweza kukaa wiki nzima mwili uko nchi moja na usingizi uko nchi nyingine. Ukirudi nyumbani kwa kuelekea magharibi, siku za mwanzo utaamka usiku wa manane au alfajiri mapema, macho makavu kabisa. Watu hulala pale wanapambana. Mimi nilichoka kupambana, nikavaa viatu nikatoka mara tu kulipoanza kupambazuka.

Mtaa wangu wa saa hiyo nilikuwa siujui. Basi la kwanza linapita tupu na dereva anaimba peke yake, madirisha wazi. Kuna mwanamke anayefagia mbele ya jengo la ofisi huku amevaa nguo nzuri za kutokea, kumbe akimaliza kufagia anaenda chuoni. Hayo nimeyajua kwa kuuliza, kama ambavyo ningeuliza ugenini. Njia ilikuwa ile ile ya kila siku, ila kwa mwanga ule miguu haikuwa imeizoea, na nilikuwa naangalia kila kona.

Mwili ulipokaa sawa, ile hali ilipungua, sitakudanganya. Nikaamua Jumamosi niendelee kuamka saa hiyo kwa makusudi. Si kila Jumamosi napata kitu. Lakini yule dereva sasa ananipungia mkono.

Mwendapole:

Alfajirimpya, hili nitalijaribu. Ila safari inayokuja narudi kwa kuelekea mashariki. Hapo inakuwaje?

Alfajirimpya:

Huko ni kugumu zaidi. Saa ya mwili kwa watu wengi huzidi saa 24 kidogo, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ukirudi kwa mashariki, usiku hutapata usingizi na asubuhi utataka kulala hadi mchana. Kama tofauti ya saa si kubwa sana, mwanga wa asubuhi ndio unaovuta usingizi uje mapema, kwa hiyo toka nje asubuhi hata kama macho ni mazito, na jioni punguza taa na uweke simu mbali. Usianze kazi siku inayofuata kama unaweza kuomba japo moja katikati. Unarudi kutoka wapi, na tofauti ni saa ngapi? Niambie tuipange vizuri.