Eti gamba jeupe kwenye birika ni uchafu wetu, "osheni vyombo"!

Wakuu, yule bwana wa mamlaka ya maji mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Kaulizwa leo mbele za watu kuhusu gamba jeupe kwenye mabirika, akajibu, "Osheni vyombo." Osheni vyombo! Mtaa mzima hatujui sufuria inasuguliwaje!

Lile gamba ni chokaa. Madini ya kalsiamu na magnesi yanakuja yameyeyuka ndani ya maji, huyaoni. Ukiyapasha moto, bikaboneti, kemikali iliyomo humo humo, inavunjika, chokaa inajitenga na kuganda kwenye koili, ile inayopasha moto birika la umeme. Hakuna dodoki linalozuia hilo. Bandua kipande, kidondoshee siki: kikitoa viputo, ni chokaa. Masizi na mafuta ya vyombo hayatoi viputo!

Maji yakipita miligramu 180 za chokaa kwa lita yanaitwa magumu sana. Yakifika 300, ndoo ya lita 20 imebeba gramu 6. Sugua mche wa sabuni mpaka uishe, povu hakuna, beseni limebaki na utando wa kijivu, na shati limekakamaa kama turubai. Halafu mtu mzima anasimama na kutamka osheni vyombo!

Fundi Bomba: Kweli tupu, mkuu. Gamba likinenepa, joto halitoki kwenye koili, inajiunguza yenyewe hadi ikatike. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, yaifunike koili, chemsha, zima, acha dakika 30, mwaga, suuza mara mbili. Msikwangue kwa kisu. Na siki isikutane kamwe na dawa ya madoa yenye klorini, inatoa gesi ya sumu.

Kipanga: Mleta uzi, sabuni haitoi povu, mbona wewe linakutoka lote? Kunywa maji upoe.

Mleta uzi: Ninywe chokaa? OSHENI VYOMBO, hilo neno umelisikia vizuri lakini?

Binti Kisima: Chokaa hiyo iliyoyeyuka majini kuinywa haina neno, tatizo ni sabuni na hita. Ila acheni kudanganyana kuwa dawa za maji zinaiondoa: klorini inaua vijidudu, shabu inatuamisha tope, ugumu hauguswi. Ya kufulia tia magadi ya kufulia, siyo yale ya kuumulia unga. Koroga, acha yatulie, chota ya juu.

Dumu Tupu: Nyie mnalilia chokaa, maji mnayo! Huku yakirudi baada ya mgao yana rangi ya chai.

Fundi Bomba: Hiyo ni kutu. Presha ikirudi ghafla inabandua mashapo ya ndani ya mabomba. Funga njia ya tangi kwanza, fungua koki iliyo karibu na mita, mwaga mpaka yatakate, ndipo ujaze.

Kipanga: Umetaja mita! Upepo nao unasomwa, hilo mbona hamlisemi?

Dumu Tupu: Asante! Maji yakikatika bomba linajaa hewa, yakirudi hewa inatangulia, na mita inazunguka vilevile. Tunalipia upepo!

Mleta uzi: Wakuu, na la vyombo?

Fundi Bomba: Yakikatika, funga valvu ya mita na upige picha namba zake. Yakirudi, subiri kidogo, fungua taratibu, piga picha nyingine.

Dumu Tupu: Hiyo ya upepo ifunguliwe uzi wake, bili ndiyo inaumiza.