Galaksi zinatukimbia kweli, au mwanga unachoka njiani?

Kaskazi
Wakuu, habari za jioni. Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu nianze kusoma habari za Halton Arp, mwanaastronomia wa Marekani, na leo nakitua hapa.

Ya darasani mnayajua. Mwanga wa galaksi za mbali unatufikia ukiwa umehamia upande wa wekundu, na galaksi ikiwa mbali zaidi, wekundu nao unazidi. Edwin Hubble akachora mstari wake 1929, watu wakafunga daftari: ulimwengu unatanuka.

Arp hakuwa mtu wa kijiweni. Alikuwa na darubini ya mita 5 ya Palomar, kule California, mkononi, na 1966 akatoa atlasi ya galaksi 338 zenye maumbo yasiyo ya kawaida. Baadaye akaleta jozi zinazosumbua. Chukua galaksi NGC 4319 na kwasari (kitu cha angani king'aacho mno, kinachoonekana kama nukta ya nyota) iitwayo Markarian 205. Pichani zimekaa mtu na jirani yake, Arp akaona hata uzi wa mwanga kati yao, lakini wekundu wa kwasari ni zaidi ya mara kumi ya ule wa galaksi. Kama kweli ni majirani, basi wekundu si rula ya umbali, na nyumba yote inaondoka msingi.

Miaka ya 1980 wakamnyima muda wa darubini. Akahamia Ujerumani, kafariki huko 2013. Nauliza: alijibiwa, au alinyamazishwa? Naomba hoja.

Chuma Chakavu
Alinyamazishwa, hakuna cha kuuliza. Sayansi nayo ina maaskofu wake. Nenda Dodoma kiangazi, vumbi likitimka, uangalie jua la magharibi: jekundu kama kaa la moto. Linatukimbia lile? Mwanga ukipita kwenye vitu vingi unachoka. Mwanaastronomia Fritz Zwicky kasema hivyo mwaka uleule wa 1929 na hakuna aliyemjibu.

Mwalimu wa Zamu
Chuma, hapo kwenye jua la Dodoma umechapia vibaya, na nasahihisha kwa sababu kosa hili nalikuta kila mwaka.

Vumbi linatawanya bluu, linabakiza nyekundu. Rangi imechujwa, lakini hakuna mstari uliohama mahali pake. Astronomia haisemi "galaksi hii inaonekana nyekundu". Inapasua mwanga katika rangi zake, kisha inapima mistari ambayo kila elementi inaiacha humo. Haidrojeni ina mistari yake, kalisiamu ina yake, kwa mpangilio usiobadilika kama vituo vya daladala. Kwenye galaksi ya mbali mpangilio ni uleule, ila wote umehama kwa uwiano mmoja. Vumbi haliwezi kuhamisha kituo.

Ukitaka kuona mwanga ukipasuliwa, tafuta CD kuukuu, ishike upande unaong'aa chini ya taa ya tyubu, ile ndefu nyeupe. Utaona picha za tyubu zilizoachana, ya kijani, ya zambarau, ya nyekundu. Kisha ipeleke kwenye mwanga wa jua, uone rangi zinavyoungana bila pengo.

Chuma Chakavu
"Umechapia vibaya." "Nalikuta kila mwaka." Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako. Nina watoto watatu wanaonisalimia shikamoo. Ungesema hayo mengine bila huo mstari wa kwanza ningekusikiliza.

Mdadisi wa Ilala
Mbona hamuitaji darubini ya anga ya James Webb? Nilisoma imekuta galaksi zenye umri mkubwa kuliko ulimwengu wenyewe. Na kuna mtafiti Ottawa, Kanada, anasema ulimwengu una miaka bilioni 26 na ushee. Ile bilioni 13.8 ya vitabuni imeshakufa.

Mwalimu wa Zamu
Mdadisi, tusilishane matango pori. Hakuna galaksi iliyokutwa na umri mkubwa kuliko ulimwengu. Zilizokutwa zinang'aa mno kwa mapema yake. Galaksi moja, JADES-GS-z14-0, tunaiona ilivyokuwa miaka kama milioni 300 baada ya mwanzo, na imeshajaa nyota. Hilo limewasumbua wanaofanya hesabu za jinsi galaksi zinavyojijenga. Huyo wa Ottawa ni Rajendra Gupta, 2023, anasema miaka bilioni 26.7. Kapataje? Kachanganya mwanga unaochoka na utanukaji, kisha akaruhusu namba za msingi za fizikia zibadilike kadiri muda unavyokwenda. Utanukaji hata yeye hajauacha.

Betri Nne
Hilo la mwanga kuchoka lilimalizika kwa namna ambayo kila aliyekuwa na radio kaseti ataielewa.

Nyumbani tulikuwa na moja ya betri nne kubwa. Zikikaribia kuisha, taarabu inaanza kuburuta. Sauti ya mwimbaji inashuka, mwanamke anaimba kama mzee. Lakini sauti haishuki peke yake, wimbo nao unarefuka. Wa dakika sita unakwenda nane. Mama alikuwa anazitoa, anazianika juani, zinampa nyimbo mbili zaidi.

Sasa kuna nyota zinazolipuka, supanova za aina ya Ia. Zinawaka na kufifia kwa ratiba inayojulikana, siku kadhaa kupanda, wiki kadhaa kushuka. Mwanga ungekuwa unachoka tu njiani, sauti ingeshuka (yaani mawimbi yangehamia wekundu) lakini wimbo ungebaki na urefu wake, kwa sababu uchovu wa chembe ya mwanga hauwezi kuichelewesha nyota kuzimika. Anga ikitanuka, vyote viwili vinavutika kwa pamoja. Vipimo vya miaka ya 1990, timu ya Saul Perlmutter ikiwamo, vikaonyesha hivyo: mawimbi yakivutika mara moja na nusu, supanova nayo inachukua mara moja na nusu ya muda wa zile za karibu. Wimbo umerefuka. Zwicky kajibiwa.

Kaskazi
Betri Nne, huu mfano wa kaseti nimeukubali. Ila Arp hakutetea mwanga unaochoka. Yeye alisema kwasari zinatoka tumboni mwa galaksi zikiwa na wekundu wao wa kuzaliwa. Msimjibu kwa makosa ya Zwicky.

Msomaji Tu
Nimesoma kimya hadi hapa. Hivi kwa nini tunatoana macho kwa mambo ya Wazungu? Hubble, Arp, Zwicky. Hakuna kipimo hata kimoja cha anga kilichotoka kwetu. Huku kwetu umeme umekatika tangu saa kumi na mbili.

Binti Ngomeni
Wewe Msomaji Tu, hebu soma basi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksi ya angani ilirushwa kutoka baharini kwetu, Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili, kwenye vitabu vya astronomia hadi leo. Majina ya vitu vilivyo kwenye orodha yake yana herufi U, na hiyo U ni ya Uhuru. Babu yangu alikuwa mvuvi. Ile mitambo iliyosimama kwa miguu ya chuma ndani ya maji aliitumia kama alama ya kurudi nyumbani. Usiniambie hakuna kilichotoka kwetu.

Msomaji Tu
Dada, pole kama nimekugusa, lakini jukwaa la Waitaliano, roketi na satelaiti za Wamarekani, na aliyepewa Nobel 2002 ni Riccardo Giacconi. Sisi tumetoa jina na maji ya chumvi.

Binti Ngomeni
Maji ya chumvi yaliyoko karibu na ikweta! Unadhani walikuja Ungwana kula samaki? Kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko mahali pengine popote, roketi inapata msukumo wa bure. Na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi mikali iliyo juu ya Atlantiki ya kusini, ile inayovuruga vyombo vya kupimia. Mahali ni mchango. Bandari ya Mombasa ni mchango, hakuna anayesema Mombasa ni maji tu.

Mdadisi wa Ilala
Kwa hesabu hiyo Kilimanjaro imechangia maji ya chupa duniani kote. Dada, mchango ni wa mtu aliyefikiri.

Binti Ngomeni
Na nani aliyekwambia hakuna watu wa pwani waliofanya kazi kule? Au kwenu kazi ni kuandika karatasi tu, na anayefunga kamba si mtu?

Chuma Chakavu
Binti Ngomeni kasema kweli, na hii ndiyo dharau niliyoilalamikia juu. Wenye elimu wakishaingia, mwenye mikono anaonekana hana kichwa.

Msomaji Tu
Sijadharau mtu. Nilisema tulipewa jina badala ya maabara. Hiyo inaniuma mimi kama inavyokuuma wewe. Miaka zaidi ya 50 imepita. Mtoto wa Ngomeni akitaka kusoma anga leo, anaanzia wapi?

Kaskazi
Jamani. Arp.

Mwalimu wa Zamu
Kaskazi, narudi kwako, na njiani napitia Malindi, kwa sababu mambo haya mawili yanakutana.

Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya joto la mamilioni ya digrii. Gesi hiyo inaipiga mionzi hafifu iliyojaa angani kote, masalia ya joto la mwanzo wa ulimwengu, ile ya digrii 2.7 juu ya sifuri kamili ambayo wanasayansi Penzias na Wilson waliitangaza 1965. Inaiachia alama, na kwa alama hiyo tunapima mionzi ilikuwa na joto gani kule ilikopita. Kwenye makundi ya mbali joto linasomeka kubwa zaidi, kwa uwiano uleule ambao mistari ya makundi hayo imehamia wekundu. Ulimwengu uliokuwa mdogo zaidi lazima uwe na joto zaidi, na vipimo vinasema hivyo.

Ama jozi yako, ilijibiwa. Mwaka 1992 darubini ya anga ya Hubble ilipasua mwanga wa Markarian 205, ikakuta ndani yake mistari iliyomezwa na gesi ya NGC 4319. Maana yake mwanga wa kwasari umepita ndani ya galaksi. Ukimwona mtu kupitia chandarua, chandarua kiko mbele. Na lile kundi la galaksi tano la Stephan ambalo Arp naye alilitumia, Webb ililipiga picha 2022: NGC 7320 iko mbele, miaka ya mwanga kama milioni 40, wenzake wako kama milioni 290. Ni kama kupiga picha Moshi umeshika Kibo kiganjani.

Kaskazi
Asante, Mwalimu. Hilo la 1992 sikulijua, na la chandarua nalipokea. Lakini ona ulivyojibu nusu moja tu. Kama ushahidi ulikuja 1992, waliomnyima darubini miaka ya 1980 walikuwa na nini mkononi? Walikuwa na uhakika tu.

Nikiwa kidato cha tatu niliuliza kwa nini galaksi jirani ya Andromeda inakuja kwetu ikiwa kila kitu kinakimbia. Nikaambiwa nisimame nje hadi kipindi kiishe. Jua la saa saba. Miaka mingi baadaye nikaja kujua mwanaastronomia Slipher alipima kasi hiyo 1912, kilomita kama 300 kwa sekunde, na jibu ni sentensi moja tu: kwa majirani, mvutano unashinda utanukaji. Sentensi moja. Ndiyo maana habari ya Arp inaniuma hata kama kakosea.

Betri Nne
Kaskazi, pole. Swali lako lilikuwa zuri na lilistahili ile sentensi.

Tuongeze hili. Namba ya Hubble mwenyewe ilikuwa mbovu kuliko za Arp. Kwa kasi ya utanukaji alipata kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki (miaka ya mwanga kama milioni 3.26), na kwa hiyo ulimwengu ukawa na miaka bilioni mbili tu, mdogo kuliko mawe ya dunia. Mwanaastronomia Walter Baade akaja kurekebisha umbali wa galaksi 1952. Leo badala ya 500 wengine wanapata 67, wengine 73, na hawajapatana. Hubble hakufukuzwa Palomar kwa kukosea kwake.

Mwalimu wa Zamu
Hakufukuzwa. Na Arp alipaswa kuachiwa darubini. Nakubali bila masharti. Muda wa darubini ni mchache na wanaougawa ni watu, lakini mtu mwenye atlasi ile hakustahili kufungiwa mlango.

Na Chuma, ule mstari wangu wa kwanza nauondoa. Samahani, kaka.

Chuma Chakavu
Yameisha. Ila CD yako nimeijaribu jana usiku, sijaona kitu zaidi ya upinde wa mvua wa kawaida. Kama umetupiga kamba, sema.

Mwalimu wa Zamu
Taa gani?

Chuma Chakavu
Ya LED. Siku hizi nani ana tyubu?

Mwalimu wa Zamu
LED rangi zake zinaungana, ndiyo maana. Lazima iwe tyubu ya zamani.

Chuma Chakavu
Nimerudi. Jirani yangu fundi cherehani anayo, inapepesa pepesa lakini inawaka. Nimeinamisha CD pale mezani kwake. Kijani imekaa peke yake, zambarau peke yake, na kati yao pamefifia. Fundi naye kaacha cherehani, tumekaa nusu saa tunaigeuza geuza.

Sasa nijibu hili. Kwenye kwasari, mstari unahama kiasi gani hasa?

Mwalimu wa Zamu
Chukua kwasari 3C 273, ile ambayo Maarten Schmidt aliifumbua 1963. Haidrojeni ina mstari wa wimbi la nanomita 486, rangi ya bluu inayoelekea kijani. Kule unakutwa kwenye 563, kijani inayoelekea njano.

Chuma Chakavu
Na mistari mingine ya haidrojeni?

Mwalimu wa Zamu
Yote. Asilimia 15.8 ileile.