Nordbahnhof: treni zinapita, stesheni imefungwa

Mwana wa Kibos (Kisumu):
Wadau, habari zenu. Mpwa wangu anasoma Berlin. Amenitumia picha za stesheni ya chini ya ardhi, Nordbahnhof, akasema treni zilipita humo miaka mingi bila kusimama. Nimekulia kando ya reli na bado sielewi. Treni ipite, abiria wakatazwe kupanda?

Mstaafu wa Reli (Nakuru):
Ndugu yangu, reli iliutangulia Ukuta wa Berlin. Handaki la Nordbahnhof lilifunguliwa 1936, Berlin ikiwa jiji moja. Tarehe 13 Agosti 1961 Ujerumani Mashariki ikafunga mpaka wake na Berlin Magharibi. Sasa tazama ramani: njia za treni za mjini, U6, U8 na S-Bahn ya kaskazini-kusini, zilitoka Berlin Magharibi, zikapita chini ya Berlin Mashariki, zikaibukia Magharibi tena. Magharibi ililipia kupita huko. Milango ya Mashariki ikazibwa, taa zikafifia, askari wakawekwa jukwaani kuzuia watu wao wenyewe wasitoroke. Dereva alipunguza mwendo, akapita. Wajerumani waliziita stesheni za mizimu. Kwenye njia hizo, chini ya ardhi ya Mashariki, treni zilisimama stesheni ya Friedrichstraße tu. Hapo watu walibadili treni au kuvuka mpaka.

Nimepokea treni kwa bendera miaka mingi, na linaloniuma ni yule mkazi wa Mashariki aliyetembea barabarani akasikia mngurumo ukipanda kutoka chini. Treni iko hatua chache tu, na si yake.

Dada wa Muhoroni:
Si kama sisi tu, mzee? Kisumu ilikaa miaka bila treni ya abiria hadi Desemba 2021.

Mstaafu wa Reli (Nakuru):
Hapana, binti yangu. Yetu ilichakaa, na kuchakaa hukarabatiwa. Kule reli ilikuwa nzima, treni ziko kazini kila siku. Kilichokatazwa ni mtu kushuka ngazi. Usiyaweke pamoja.

Mwana wa Kibos (Kisumu):
Asante sana, mzee. Zilifunguliwa lini?

Mstaafu wa Reli (Nakuru):
Stesheni ya Jannowitzbrücke ilitangulia, 11 Novemba 1989, siku mbili baada ya ukuta kufunguka. Nordbahnhof ilingoja hadi 1 Septemba 1990, Potsdamer Platz hadi Machi 1992. Mpwa wako ashuke Nordbahnhof asikimbilie kutoka: mle ndani kuna maonyesho ya stesheni hizo. Akipiga picha za milango iliyozibwa, naomba uniwekee hapa.