Naomba ushauri: kikundi chetu cha mazoezi Iringa kimebaki na vijana tu

Wakuu, habari za leo. Tangu Januari tunakimbia hapa Iringa kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tunamalizia kwa kupanda jiwe la Gangilonga. Tulianza watu 30 hivi, wakiwemo kina mama wa sokoni na wastaafu wawili. Sasa tumebaki 11, vijana watupu, na baadhi nadhani wanafuata picha tu pale juu ya jiwe.

Kosa naliona ni letu. Mji huu ni vilima, uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo. Mama mwenye presha na goti linalomsumbua ukimwambia akimbie mlimani, wiki ijayo humuoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka haraka kunahesabika. Sisi tukang'ang'ania mbio.

Nafikiria kundi la pili la kutembea jioni, njia isiyo na mlima. Pia tumpate muuguzi wa kupima presha na sukari mara moja kwa mwezi. Hilo naanzia wapi: kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mganga mkuu wa manispaa? Na hela ya vipimo mlichangishana vipi bila kuwafukuza wasio nacho? Aliyejaribu, hata kama ilimshinda, anieleze.