Kuwinda sayari kubwa za mbali: kusubiri mwanga ushuke au kupima nyota ikiyumba?

nyota_usiku: Wakuu, kwa sayari kubwa za saizi ya Mshtarii njia ipi iko vizuri, ile ya kusubiri sayari ikatize mbele ya nyota mwanga upungue, au ile ya kupima nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari yake? Mi naona ya kwanza ndo rahisi.

Kapteni Anga: Rahisi kama sayari iko jirani na nyota yake. Ukitazama toka mbali, Mshtarii akikatiza mbele ya Jua anaziba kama 1% ya mwanga, hiyo hata lenzi ya kamera inaikamata, wale wa mradi wa kusaka sayari wa WASP walitumia lenzi za Canon za milimita 200 kule kisiwa cha La Palma na Afrika Kusini wakaokota sayari zaidi ya 100. Ila Mshtarii anazunguka Jua kwa karibu miaka 12 sasa utasubiri mpaka lini, na njia yake lazima iwe imelala usawa wa macho yako, nafasi ni kama moja kwa elfu. Ndo maana wanaokota nyingi za mzunguko wa siku tatu nne.

binti_darubini: Halafu mwanga kushuka unakupa upana tu, uzito hupati. Kuna nyota ndogo zina upana wa Mshtarii kabisa, unashangilia sayari kumbe ni nyota mbili zinazibiana mwanga 😂 Mi nikiona grafu ina ncha kama V badala ya kitako bapa naanza kutilia shaka.

nyota_usiku: Kwa hiyo kuyumba ndo mshindi?

Kapteni Anga: Hapana bana, huko unapima nyota mojamoja, wakati Kepler, ile darubini ya angani, ilikuwa inakodolea nyota zaidi ya 150,000 kwa mpigo. Sema ile sayari 51 Pegasi b ya 1995 ilipatikana kwa kuyumba, hilo nawapa.

binti_darubini: Angalia sayari HD 209458b. Ilianza kujulikana kwa kuyumba, 1999 ikaonwa ikikatiza, mwanga unashuka kama 1.5% kila baada ya siku tatu na nusu. Kuunganisha vipimo, kuyumba kunatoa uzito na kukatiza kunatoa upana, ndo ikajulikana ni nyepesi kuliko Mshtarii ila imevimba kumzidi. Njia moja peke yake isingekwambia hilo.

mpita_njia: Mmeisahau TESS, darubini nyingine ya angani, kipande kimoja cha anga inakitazama siku 27 hivi inahama, kwa hiyo sayari ya mzunguko mrefu mnaiona mara moja tu, hapo mtapenda msipende mnarudi kupima nyota ikiyumba.